Umenunua au Umekodi? Gemu za Zamani na Mkono wa Fundi Mbarouk

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumbia vidole akavipa kila kimoja kazi yake kabla hatujajua majina yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Namshukuru Mola kwa kunifikisha umri wa kuweka bisibisi chini nikiwa bado nasoma msahafu kwa macho yangu, ingawa sasa ni ule wa maandishi makubwa.

Ama baada ya hayo. Rehema, binti wa Muheza niliyemwachia duka la kutengeneza mashine za gemu hapa Ngamiani, ameniomba niwaandikie ninyi mafundi vijana jibu la swali analoulizwa na wateja kila wiki. Gemu za zamani, zile walizocheza utotoni, sasa zinauzwa upya mtandaoni. Je, wanunue? Rehema anataka jibu la ndiyo au hapana. Mimi jibu langu ni refu kidogo, kwa sababu linapita kwenye mkono wa kushoto wa Fundi Mbarouk, mshona kofia, uliolala kwa kiharusi, nasi tukahangaika kuuamsha. Msitegemee kusoma habari za kupanda cheo. Duka lilikuwa la mtu mmoja. Ningepanda cheo ningempandia nani?

Kazi nilijifunza kwa Mzee Yusufali, muuza redio na saa, Mwislamu ambaye babu yake alivuka bahari kutoka Bara Hindi. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umenawa mikono?"

"Nimenawa nyumbani, Mzee."

"Nyumbani si hapa. Njiani umetoka jasho. Jasho ni chumvi, na chumvi ya bahari inatutosha."

Nikanawa tena. Nimenawa miaka yote iliyofuata, na hilo ndilo somo la kwanza ninalowaachia. Hapa pwani adui wa mashine si mtoto mtundu wala umeme unaokatika. Ni hewa yenyewe. Ukiacha shaba wazi, baada ya msimu mmoja wa mvua inaota ukungu wa kijani.

Zama hizo mashine za gemu zilikuwa zinaletwa na watu waliotoka Arabuni, na gemu yenyewe ilikuwa ndani ya kanda ya plastiki ya ukubwa wa kiganja, yenye safu ya meno ya shaba upande wa chini. Kanda ikigoma kuwaka, watoto wote wa Tanga walijua dawa: unaichomoa, unasema Bismillahi, unapuliza menoni kama sheikh anayepulizia maji ya mgonjwa, kisha unairudisha. Mara nyingi iliwaka. Imani yao ikazidi kukua mahali ambapo haikuhitajika.

Siku moja Mzee Yusufali alinikuta nami napuliza. Akanishika mkono.

"Wewe unaagua au unatengeneza?"

"Natengeneza, Mzee."

"Basi Bismillahi sema, lakini usipulize. Jina la Mungu linabaki, mate yanaozesha shaba." Akanipa pamba na spiriti, akanionyesha jinsi ya kufuta kwa kufuata urefu wa jino, si kwa kukata. Iliyokuwa inaiwasha kanda ni kule kuichomoa na kuirudisha tu. Kupuliza kulikuwa kunaiua polepole huku kila mtu akifurahi. Mzee alifariki akiwa bado anakagua mikono ya watu. Mungu ampe kivuli siku isiyo na kivuli.

Baadaye nilifungua duka langu, mbele meza ya ufundi, nyuma chumba cha kuchezea. Gemu iliyopendwa kuliko zote tuliiita Mchukuzi, kwa sababu jina lake la kweli liliandikwa kwa herufi za Kijapani ambazo hakuna aliyezijua. Ilikuwa na kijitu kilichobeba mzigo kichwani, kinakimbia milimani na kuruka mashimo na mito. Kidole gumba cha kushoto kinakielekeza njia, cha kulia kinakirusha.

Bingwa wa Mchukuzi alikuwa Mbarouk, kijana wa Kipemba aliyetoka Wete kuja kujifunza kushona kwa mjomba wake, mtaa wa pili kutoka kwangu. Wenyeji walimtania kwamba ameitilia dawa mashine. Yeye akajibu, "Dawa ya nini, nyie? Mie sichezi, mie nashona. Shimo ni kitobo tu, nalizungukia."

Ugomvi wangu naye ulikuwa mmoja. Adhana ikilia, mashine zote husimamishwa, hiyo ndiyo sheria ya duka. Lakini Mchukuzi haikuwa na mahali pa kuhifadhi ulipofika, na umeme ukikatika mkiwa msikitini, mnarudi mwanzo. Mbarouk alikuwa akitoka kwa kurudi kinyumenyume, macho kwenye kioo, anasema, "Nakuja, Fundi Sefu, namalizia mto huu." Nikamwambia mto wa Peponi haumsubiri anayemalizia mto wa Japani. Alicheka, lakini alikuja.

Miaka ikaenda. Kanda zikapitwa na diski, diski zikapitwa na kupakua mtandaoni. Mbarouk akaoa Bi Saumu, akafungua duka lake, akawa mshonaji wa kofia anayefuatwa na mabwana harusi kutoka Pangani hadi Moa. Mlioona kofia hizi mnajua zina vitobo vidogo vingi vilivyozungushiwa uzi kwa mkono. Watu hudhani kazi yote hufanywa na mkono wa kulia ulioshika sindano. Sivyo. Mkono wa kushoto ndio unaobana kitambaa, unaokigeuza kidogo kidogo, na kidole gumba chake ndicho kinachopima kitobo kwa kukigusa. Alikuwa anashona huku anaongea na wateja bila kutazama.

Kisha kiharusi kikampitia. Mguu ulirudi upesi, na ulimi, kama alivyosema mkewe, haukuwahi kuondoka. Mkono wa kushoto ukabaki umelala mapajani. Hospitali walimpa mpira wa kubinya na wakamwonya kwamba mkono usipotumika sasa, utakakamaa, na baadaye itakuwa vigumu zaidi. Hofu yake ilikuwa hiyo: kuwa fundi anayesimulia kofia badala ya kuzishona.

Alasiri moja Bi Saumu alikuja dukani, mimi na Rehema tukiwa mezani.

"Asalaam aleikum, shemeji."

"Waaleikumu salaam. Mgonjwa hajambo?"

"Hajambo wa maneno. Ule mpira wa hospitali kaubinya siku mbili, ya tatu kamrushia kuku."

"Alimpata?"

"Angempata ningeshukuru, ningejua mkono umepona! Alirushia wa kulia." Akaketi, akashusha sauti. "Shemeji, anasema yeye si mtoto wa kupewa mpira. Lakini jana nimemwona kaweka mkono juu ya goti, anauambia, 'Kushoto. Kushoto, ewe.' Kama anaongea na ile gemu yenu. Bado unayo?"

Nilikuwa nayo, sandukuni, na mashine yake pia, lakini sikuwa nimeigusa miaka mingi na nilijua hali yake. Rehema ndiye aliyesema, "Babu, Mchukuzi imetolewa upya. Ipo mtandaoni. Wanayo mashine mpya pale nyumbani, ya watoto wao. Tunaipakua tu."

Akaunti ya kununulia walikuwa nayo pia. Ilikuwa ya Suleiman, mpwa wa Mbarouk anayefanya kazi Maskati. Suleiman akanunua, Rehema akaipakua kwao, na jioni ile Mchukuzi ikatokea kwenye kioo, safi kana kwamba imetoka kuoga. Mbarouk akakaza macho, akatega sikio.

"Muziki si wenyewe," akasema.

Kweli, haukuwa wenyewe. Waliotoa upya walikuwa wameubadilisha, sijui kwa nini. Halafu kijitu kiliruka kwa kuchelewa, unabonyeza, kinawaza kwanza. Hiyo ilikuwa tabia ya televisheni bapa, inaipamba picha kabla ya kuitoa; Rehema aliingia kwenye mipangilio akazima mapambo hayo, ikawa afadhali. Mkumbuke hilo kabla hamjamwambia mteja kwamba mikono yake imezeeka.

Lakini gemu hii mpya ilikuwa na vitu ambavyo ya kale haikuwa navyo. Unaweza kuipunguza mwendo. Unaweza kuhifadhi popote, hata katikati ya mto. Nilipoona hilo nilimwambia Mbarouk kwamba udhuru wake wa adhana umekwisha rasmi. Na ukikosea, unabonyeza kitufe, muda unarudi nyuma, unarukia tena. Mbarouk alikikataa kitufe hicho.

"Huu ni udanganyifu, Fundi Sefu. Mtu aanguke, kisha ajifanye hakuanguka?"

"Ukiwa mgonjwa unaswali vipi?"

"Nakaa kitini."

"Umemdanganya nani?"

Akakitazama tena kile kitufe.

"Hiyo ni ruhusa," nikamwambia. "Aliyekupa maradhi amekupa na nafuu yake. Ipokee, mkono ukipona utasimama."

Akaipokea. Mchukuzi akawa anatembea polepole kama anakwenda mazikoni, anaanguka, anarudishwa, anaanguka, anarudishwa. Kidole gumba cha Mbarouk mwanzo kilikuwa kinatetemeka tu juu ya pedi ya kuchezea. Baada ya majuma kikaanza kusukuma. Kushoto kwanza, halafu juu, mpaka siku moja akakipeleka kijitu ng'ambo ya shimo la kwanza kwa mwendo wa nusu. Bi Saumu akapiga kigelegele, jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Basi hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la watu wa kwetu hasa. Hapa Tanga mbuzi ya kukunia nazi ikinunuliwa na nyumba moja, imenunuliwa na mtaa. Anayeihitaji anaingia, anaichukua, anarudisha, au harudishi na mwenye mbuzi anamfuata. Neno la siri la akaunti ya Suleiman lilitembea vivyo hivyo. Suleiman alimpa Mbarouk, Mbarouk akampa kaka yake kule Wete, na binamu yake Moa. Bi Saumu kwa ukarimu akampa dada yake Muheza, ambaye ana wanawe. Mchukuzi akawa anakimbia nchi mbili na visiwani kwa wakati mmoja.

Asubuhi moja hakikuwaka kitu ila maandishi. Rehema akaitwa, akasoma, akakuna kichwa.

"Wameifunga akaunti. Wanasema imetumika sehemu nyingi."

"Sehemu nyingi zipi?" Bi Saumu akauliza. "Sisi ni ukoo mmoja!"

"Wao hawajui ukoo, Bibi. Wanahisi imeibwa."

"Imeibwa na nani, na mwenyewe kanunua? Suleiman kanunua. Kitu changu nikikinunua, muuzaji anaingiaje nyumbani kwangu kukichukua?"

Hilo ndilo swali lenyewe, vijana wangu, na hakuna aliyeliuliza vizuri kuliko yeye. Nilisoma chuoni zamani, katika mlango wa biashara wa kitabu cha fiqhi, kwamba kuuza ni kumpa mtu kitu kiwe milki yake, na kukodisha ni kumpa manufaa ya kitu huku kitu kikibaki cha mwenyewe. Ukinunua sufuria, unaipikia, unaiazima, unairithisha, unaitoboa ukitaka. Ukikodi sufuria ya harusi, utairudisha. Kwenye kioo kitufe kinasema "nunua", lakini masharti ya chini, ambayo Rehema alinisomea yote na chai yetu ikapoa, yanasema umepewa ruhusa ya kutumia tu, na ruhusa inaweza kuondolewa. Mimi si mufti, ni fundi, na wanazuoni wenye elimu ya mambo haya wataeleza hukumu yake. Ninalojua ni kwamba mteja anastahili neno lililo sawa. Mwambieni, "Unalipia kutumia." Akiridhika, Mungu ambariki, atumie kwa furaha. Wala msimcheke. Ya mtandaoni haioti ukungu, haihitaji sanduku, na inamhurumia mwenye mkono dhaifu. Ila kila mtu na awe na akaunti yake, kwa jina lake na nchi yake, na neno lake la siri asiliazime kama mbuzi ya nazi.

Suleiman aliandika kwa kampuni kujieleza. Wakamjibu kwamba wamepokea maelezo yake. Majibu mengine hayakuja. Nikamwambia Rehema tuinunue tena kwa jina la Mbarouk mwenyewe. Akajaribu, kioo kikamwambia bidhaa hii haipatikani katika nchi yako. Mbarouk akarudi kukaa na mkono mapajani. Nilipokwenda kumjulia hali vidole vilikuwa vimeanza kujikunja tena, na yeye alikuwa anavitazama kama mtu anayemtazama mgeni akifunga mizigo.

"Niliambiwa mkono usikae bure," akaniambia. "Sasa unakaa bure."

Nikarudi dukani, nikanawa mikono, nikafungua sanduku.

Meno ya kanda yalikuwa ya kijani. Spiriti peke yake haikutosha. Nilitumia raba ya penseli, polepole, kwa kufuata urefu wa jino, mpaka shaba ikaanza kurudi na wekundu wake. Ndani ya mashine kapasita mbili, zile zinazotunza umeme, zilikuwa zimevuja. Rehema akazing'oa na kuweka mpya, maana mkono wake sasa ni mtulivu kuliko wangu kwenye lehemu. Tukaikagua na televisheni ya chogo, ile yenye mgongo mkubwa, kwa sababu mashine ile haielewani na televisheni bapa. Tulipoiwasha, Rehema alitaka kupuliza.

"Babu, mara moja tu, kwa bahati."

"Toka hapa," nikamwambia. Ikawaka yenyewe.

Tulipoifikisha kwa Mbarouk, pamoja na televisheni hiyo ya chogo, muziki uliposikika alifumba macho. Ulikuwa wenyewe. Lakini furaha haikudumu. Mchukuzi huyu wa kale hana huruma. Hapunguzi mwendo, harudi nyuma. Kidole cha Mbarouk kilikuwa kimezoea nusu mwendo, na kila alipofika shimo la kwanza alikuwa amechelewa. Baada ya mara nyingi akaisukuma pedi pembeni.

"Chukua, Fundi. Hii ni ya wazima."

Bi Saumu akaja na kiti, akakibana kando ya mumewe, upande wa kushoto. Akashika nusu ya pedi.

"Mimi nitakuwa mkono wa kushoto," akasema. "Wewe ruka."

"Hujui kucheza."

"Nijue nini? Si kulia na kushoto? Nakuelekeza kila siku, leo nitashindwa kukielekeza hiki?"

Wakaanza. Sijawahi kuona ndoa ikipimwa namna ile. Yeye anasukuma, huyu anarusha, hawapatani hata mara moja.

"Kulia! Kulia, mke wangu, huko ni shimo!"

"Si umesema kulia?"

"Kulia kwa Mchukuzi, si kulia kwako!"

"Ana kulia kwake huyu? Kaoa?"

Ikawa hivyo kila baada ya alasiri. Nikipita nasikia kelele kutoka barazani. Bi Saumu hakuwa na maendeleo yoyote. Kila siku alimtumbukiza Mchukuzi kwenye shimo lile lile, kwa utulivu mkubwa. Rehema alisema hakuna mtu mwenye macho anayeweza kukosea vile mfululizo. Sikumuuliza shemeji yangu, na sitamuuliza.

Siku niliyopita kuaga kazi, nikiwa nimeshamkabidhi Rehema funguo, niliwakuta kama kawaida. Mchukuzi anakimbia, shimo linakuja, Bi Saumu anamsukumia humo humo. Mbarouk akapandwa na hasira.

"Niachie!" akasema. "Niachie bwana, unaniharibia!"

Akauondoa mkono wa mkewe kwenye pedi. Aliuondoa kwa mkono wa kushoto. Kisha vidole vile vile vikaishika pedi, gumba juu, vingine chini, na Mchukuzi akageuka kushoto kuchukua mbio, akageuka kulia, akaruka kwa mwendo wake kamili.

Bi Saumu alikuwa ameweka mikono yake miwili mapajani, ameibana, anatazama kidole gumba wala si kioo. Mbarouk hakuwa na habari. Alivuka shimo, akavuka mto, akafika kwenye shimo la pili, akachelewa kidogo, akatumbukia.

"Nimekufa," akasema kwa uchungu.

"Alhamdulillahi!" akasema Bi Saumu.

Mbarouk akamgeukia, akawa anataka kumjibu, ndipo akafuata macho yake, akaona mkono wake mwenyewe umeshika nini.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akubariki macho na vidole vyako, akupe kazi ya halali na mwenzi wa kukuudhi kwa wema, akuzidishie subira kwa walio dhaifu, na akusamehe wewe na wazazi wako na waliokufundisha. Amin.